Mama Yako Aliitika Tu

Goma, siku moja kabla ya meli

Hakizimana,

Umetoka saa moja asubuhi kwenda Kibumba kuliaga kaburi la mama yako, ukasema utarudi kabla ya giza. Tangu ulipopotea nyuma ya ukuta wa mawe meusi nimekaa mezani na karatasi. Ya kwanza nimeichana. Ya pili nimeichana. Katikati nimesimama mara nyingi kwenda mlangoni, kana kwamba nikitazama barabara lori litakurudisha mapema, na maharage yameungua. Hii ni karatasi ya tatu. Sitaichana, kwa sababu kesho unapanda meli.

Habari za sabuni na shuka sitakuandikia, wala namna ya kukaa na watu wa Léopoldville wasiojua Kiswahili. Mama Kahindo wa nyumba ya pili amekwisha kukuambia yote hayo, pamoja na mengine asiyoyajua. Mimi nina jambo moja tu, nami nimekaa nalo miaka tisa.

Jumapili, watu walipokuja kukuaga, ulisimama karibu na mlango ukiwa umevaa koti lako jipya, ukawaambia kwa nini unakwenda kusoma sheria. Ulisema unataka kuwa avoka, wakili wa watu walioumizwa, wale wa mashine na wale wa hospitali, maana mpaka leo hapa kwetu hatujamwona avoka mwenye ngozi kama yetu akisimama kwa ajili yao. Kisha ukasema: "Mama Veronika alikubali akatwe mkono kwa sababu hakusoma. Alisema ndiyo kwa jambo asilolijua. Mimi ninakwenda kusoma ili mwingine asikubali hivyo." Watu wakapiga makofi. Muzee Paluku seremala akasema, "Mutoto huyu, zuzi mwenyewe atamwogopa," yaani jaji, wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nililipeleka jikoni, nikasimama humo uso ukielekea ukuta mpaka mlipoanza kuimba.

Mama yako hakukubali. Hakusema ndiyo. Hakuna mtu aliyemwuliza kitu. Mahakama iliandika kwamba alikubali kwa sababu mimi niliiambia hivyo. Nilikuwa mkalimani wake.

Simama hapa kidogo ukitaka, kisha urudi. Mimi mwenyewe nimesimama baada ya kuandika mistari hiyo. Nimekwenda kumwagilia maua, na mvua ilinyesha jana.

Unajua kwamba nilikuwa mwalimu katika shule ya masere, watawa wa misheni, kwamba nilifahamiana na mama yako katika shida yake, na kwamba alipokufa nilikuchukua. Yote hayo ni kweli. Nimekuwa nikiyasema kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto akikanyaga mawe yale yale kila siku. Sasa nakuonyesha maji.

Kilichompata mashambani unakijua. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kukaushia pareto, kwa mzungu mwenye shamba huko juu, na mashine ya kushindilia maua ikambana vidole vitatu vya mkono wa kulia. Wakamleta hospitali huku Goma. Munganga aliyekuwapo, daktari wa kizungu, alikuwa anaondoka kesho yake kwa likizo. Vidole vile vilitaka kuoshwa na kuangaliwa kila siku kwa majuma kadhaa. Ndivyo alivyoniambia baadaye mwuguzi aliyekuwapo, mtu wetu, ambaye mahakamani hakuitwa na hakujileta. Mkono uliokatwa hautaki kuangaliwa sana. Munganga akaukata chini kidogo ya kiwiko, akaondoka na meli.

Padri mmoja alimwandikia mama yako barua ya mashtaka. Mambo yakaenda polepole, na jaji alipokuja kutoka Bukavu munganga alikuwa bado Ulaya. Aliacha maneno yake kwenye karatasi. Karatasi ilisema kwamba mgonjwa alielezwa yote, naye akakubali. Hospitali ilikuwa na avoka, mzungu wa Bukavu mwenye sauti ndogo, ambaye sote tulikuja kumwita Metre, kama avoka anavyoitwa kwa Kifaransa. Mama yako hakuwa na avoka. Alikuwa na mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mkalimani wa siku zote alikuwa amelala na homa, na kwa kuwa kesi ilikuwa ya mwili wa mwanamke, jaji aliwaomba masere msichana anayejua Kifaransa. Masere mkuu akanituma mimi. Nilipiga gauni langu pasi mara mbili. Njiani nilikuwa nikisema peke yangu maneno ya Kifaransa ya mahakama niliyoyatafuta katika kitabu usiku kucha, na sikumfikiria yule mama hata mara moja. Nilifikiria jinsi nitakavyosikika.

Akaingia. Alikuwa amefunga kitambaa cha kichwa chenye fundo la ajabu, kubwa, upande. Baadaye aliniambia kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukimfungia. Jaji akamwuliza, nami nikageuza kwa Kiswahili: siku ile kabla ya kulazwa usingizi, munganga alikuambia nini, nawe ulijibu nini?

Alijibu vizuri, kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuyazungusha maneno yake mara nyingi. Alisema munganga alikuja na watu wawili, akasema Kifaransa kirefu, na ndani ya Kifaransa kile yeye alisikia kitu kimoja tu alichokijua.

"Akaniita jina," alisema mama yako. "Nikaitika."

Nikasema: "Il m'a appelée. J'ai accepté."

Wewe unajua Kifaransa, kwa hiyo umekwisha kuona: aliniita, nikakubali. Lakini nataka ujue jinsi ilivyotokea, maana kosa lile halikuja kwa ubaya. Lilikuja kwa wepesi. Mimi nimekulia Butembo. Kwetu mtu akisema "nimeitika" maana yake amekubali. Binti akiitika, mbuzi wanaletwa. Asipoitika, mbuzi wanabaki kwao. Neno lile nimelinyonya pamoja na maziwa, na katika masikio yangu halikuwa na mlango mwingine. Mama yako ni wa Kibumba. Kwao ukiitwa unaitika, basi, kama vile ukiguswa unageuka. Sisi wawili tulikuwa tunasema Kiswahili kimoja, na mimi sikujua kwamba ni viwili.

Karani akaandika. Niliona kalamu yake ikienda. Metre, ambaye alikuwa ameandaa maswali mengi, akafunga daftari lake, akatabasamu. Jaji akamwuliza mama yako kama ana la kuongeza. Akasema hana.

Kama ingeishia hapo, Hakizimana, ningekwisha kukuambia zamani. Kosa la neno ni kosa; mtu analiungama, analia, anakula chakula cha jioni. Kosa langu ni lile lililofuata, na lina mchana mzima ndani yake.

Jaji alitupa mapumziko. Nilitoka kwenye baraza nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Mama yako alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Mwalimu," akaniita. "Uliwaambia nini bale bazungu?"

"Niliwaambia uliyosema, yaya." Nilimwita yaya kama tunavyomwita dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri.

"Nilisema nini?"

"Kwamba munganga alikuita, ukaitika."

"Eeh. Niliitika. 'Karame.'" Akanitazama. "Sasa avoka wao anacheka juu ya nini?"

Niligeuka kutazama mlango wa mahakama.

"Mutu akikuita jina, utanyamaza?" akasema. "Kwetu walitufundisha. Hata mwizi akikuita jina, unaitika kwanza, kisha unakimbia."

Karame. Unalijua, maana mpaka leo nikikuita ndilo unalonijibu, na najua nani alikufundisha. "Uishi sana," hiyo ndiyo maana yake. Mtu anayetaka kukukata mkono anakuita jina, nawe unamwambia aishi sana, kwa sababu umelelewa vizuri. Niliposikia neno lile, nilihisi kitu kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Nikaelewa yote papo hapo. Nikamwambia, "Ngoja, yaya," nikaenda kwenye mlango wa karani.

Karani alikuwa anakunywa kahawa. Nilikuwa nimekwisha kupanga sentensi: bwana, kuna neno nililogeuza vibaya. Ilikuwa sentensi fupi. Kabla sijafungua kinywa akasimama, yeye mzungu, akasimama kwa ajili yangu, akasema: "Mademoiselle, hongera. Jaji amesema hajapata kusikia Kifaransa safi kama chako kutoka kwa mtu wa hapa. Anataka jina lako."

Nikampa jina langu. Nikasema asante.

Hivyo tu. Nimejaribu miaka tisa kuipamba habari hii, kuongeza hofu ndani yake, kuongeza vitisho. Hakuna aliyenitisha. Kama angenitukana, nadhani ningesema. Mtu aliyenifunga kinywa alikifunga kwa sifa, nami nikakishika mwenyewe kisifunguke. Niliporudi kwenye ngazi nilimwambia mama yako, "Wanaendelea vizuri." Siku ya pili jaji akasoma: mgonjwa mwenyewe amekiri mbele ya mahakama kwamba alikubali. Mashtaka yakaanguka. Mama yako alingoja nigeuze, nikageuza, na safari hii sikukosea hata neno. Alisimama, akaushika mkono wake uliobaki kwa hewa, kama vile angali na mwingine wa kuushikia, akatoka.

Nimetembea hadi barabarani na kurudi. Lori moja limepita limejaa viazi. Hukuwemo.

Baada ya hapo nikawa mkalimani. Ndiyo, jina langu lilikuwa limeandikwa, na Metre kila alipokuja Goma aliniomba kwa masere. Mwaka mzima. Nilijifunza mengi kwake, na baadhi utayakuta katika vitabu vyako ukadhani unayajua tayari, kwa kuwa ulinisikia nikiyasema jikoni. Siku moja, tukingoja kesi nyingine, nikamwambia. Nilisema haraka, kwa Kifaransa, nikitazama dirisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Metre?"

"Niliona uso wa yule mama karani alipokuwa akiandika. Mtu aliyekiri hakai vile. Alikuwa bado anangoja kuulizwa."

"Na hukusema kitu?"

"Mademoiselle, mimi nilikuwa avoka wa hospitali. Kumtetea yule mama haikuwa kazi yangu." Akasafisha miwani yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliniazima vitabu, alimlipia mpishi wake matibabu. "Ilikuwa kazi yako zaidi kuliko yangu," akasema.

Nilimchukia jioni nzima kwa maneno yale. Kisha chuki ikakosa mahali pa kukaa, maana alichosema kilikuwa kweli. Nilikwenda mahakamani na barua. Karani mpya akaniambia faili limefungwa na muda wa kukata rufani umepita. Alisema kwa adabu, akanifungulia mlango.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Kibumba. Ulikuwa uwanjani ukichunga mbuzi mmoja mwenye kiburi. Ulinisalimu kwa Kifaransa cha shule, maneno matatu. Mama yako alikuwa amekaa chini akimenya viazi. Kiazi kimekamatwa kati ya nyayo mbili, kisu mkono wa kushoto. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: neno, maana ya kwetu, mlango wa karani, asante. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akauliza:

"Mkono utarudi?"

"Hapana, yaya."

"Basi shika kisu."

Nikakaa, nikamenya viazi vyote. Alinisuta kwamba namenya maganda mazito kama mtu ambaye hajawahi kulima. Hakuniambia amenisamehe, siku ile wala siku nyingine, na sikuthubutu kumwomba, kwa sababu nilikuwa nimejifunza jambo moja: usimpe mtu neno la kusema halafu uliandike kama lake. Niliendelea kwenda. Miaka miwili nilikwenda karibu kila Jumamosi. Nilikufundisha kuandika, nilimfungia kitambaa siku ambazo hukuwepo, na mafundo yangu hakuyapenda.

Kifua kilipomshika, mwaka wa mvua nyingi, nilimkuta siku moja mchana amelala karibu na moto, wewe umetumwa maji. Baba yako alikwisha kwenda kutafuta kazi Uganda na hajaandika tena. Akaniita.

"Mwalimu."

"Karame, yaya."

Akatabasamu. "Leo umejifunza." Akapumzika. "Maneno yangu uliyabeba mubaya. Huyu mutoto umubebe muzuri."

"Nitambeba."

"Ngoja. Nikuulize kwa Kiswahili yenu ya Butembo, ili tusikosane tena. Unaitika?"

"Nimeitika."

"Si kama mimi kwa munganga?"

"Hapana, yaya. Kama binti ambaye mbuzi wake wako mlangoni."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo. Nilipomwuliza kama nikuambie habari ya neno, alisema: "Si sasa. Umwambie siku atakapojua kukasirika muzuri." Siku hiyo imekwisha kupita, Hakizimana. Ulijua kukasirika vizuri tangu miaka kumi na mitano. Niliona ulipowaandikia wakuu wa shule juu ya yule rafiki yako aliyefukuzwa bure. Nilijipa sababu: mtihani, kisha homa yako, kisha mtihani mwingine. Ningekuacha uende na sababu moja zaidi kama usingesema yale ya Jumapili. Lakini siwezi kukuacha uvuke ziwa ukiwa umejenga maisha yako juu ya ujinga wa mama yako. Hakuwa mjinga. Katika chumba kile alikuwa yeye peke yake aliyesema alichokiona, jinsi alivyokiona.

Basi ndiyo maana nyumba yetu imekuwa kama ulivyoiona. Ulikua kati ya watu wenye bandeji. Walikuja Jumapili baada ya misa, mmoja na jicho, mwingine na mguu, nami nikawaandikia barua, nikawasindikiza kwenye ofisi, nikakaa nao mbele ya wazungu nikigeuza maneno yao. Ulidhani mimi ni mtu mwema. Mama Kahindo huwaambia watu hivyo, nami hujibu kwa kumkaribisha chai. Nilikuwa nalipa, na aliyekuwa akinidai alikwisha kufa.

Na hata katika kulipa nilikosea. Unamkumbuka Kasereka, mpakiaji wa magunia ya kahawa, aliyekuja na mguu ukinuka? Wewe ulifungua madirisha. Nilimwuliza, "Munganga alikufanya nini?" Akanieleza, nikaandika barua kali kuliko zote nilizowahi kuandika, nami nilipoisoma tena niliipenda. Munganga mwenyewe alikuwa kijana, amefika miezi michache tu. Wakamhamishia mbali, ndani ya msitu. Kisha mke wa Kasereka, sokoni, akinipimia chumvi, akasema bila kuwaza: "Ile bandeji ilimuwasha, tukaitoa usiku wa pili, tukaweka majani." Sikuwa nimeuliza hilo. Nilikuwa nimeuliza munganga alifanya nini. Sikuuliza, nanyi mlifanya nini. Kwa sababu nilitaka sana, unanielewa, nilitaka sana awepo munganga mwenye hatia, nipate kumshinda yule wa kwanza aliyeondoka na meli. Niliandika barua ya pili siku ile ile, nikiwa na kikapu mkononi bado, kabla sijakutana na mtu wa kunisifu. Sijui kama ilimrudisha yule kijana. Sikujibiwa.

Kuna mambo mawili au matatu ya kazi hii ambayo nayaona wazi leo, pengine kesho yatafifia, kwa hiyo nayaweka hapa. Mtu aliyeumia haelezi habari yake kwa mpango. Anaanza na mbwa aliyebweka asubuhi ile, anakwenda kwa shemeji yake, anarudi kwenye damu. Usimpange upesi. Mama yako alikuja amejipanga vizuri mno, sentensi fupi fupi, na ndiyo maana sentensi moja ilitosha kumwangusha. Kama angenieleza habari ya mbwa, ningepata nafasi ya kusikia. Neno ambalo kesi nzima imesimama juu yake liulize mara ya pili kwa maneno mengine. Mwulize: ulipoitika, ulisema nini kwa kinywa chako? Ningemwuliza hivyo angesema "karame," na leo mambo yangekuwa tofauti, ingawa mkono haungerudi.

Nenda ukaione mashine. Nenda ukaione hospitali pia, ukakae kwenye benchi lao saa nzima, uone munganga mmoja anavyoitwa na watu arobaini. Si kwa kumhurumia. Ni ili ukimshtaki, umshtaki yeye, usimshtaki mtu uliyemtengeneza mwenyewe. Na ukisifiwa mahakamani, toka nje. Nenda msalani, nenda popote. Usijibu kitu mpaka masikio yapoe.

Nimesoma tena haya ya mwisho, nami naona nimeanza kufundisha. Ni kimbilio langu, unalijua. Mwalimu akiogopa anashika chaki.

Ninachokiogopa ni hiki. Miaka sita umeniita Mama. Wa kwanza umemwita Mama Veronika, mimi umeniita Mama tu, bila jina, nami nimelipokea neno lile kila siku nikijua kwamba limepitia mahali ambapo hukupaona. Sasa umepaona. Huenda usiku wa leo usiweze kulisema. Huenda usilitamke tena. Sitakuuliza. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, nawe utaisoma ukiwa hapa, nami nikiwa hapa, kwenye chumba cha pili. Sikutaka kuitia kati ya nguo uikute Bukavu, mahali ambapo huwezi kunipigia kelele. Ukitaka kunipigia kelele, piga. Ukitaka kwenda kulala kwa muzee Paluku, nenda. Nimekwisha kumwambia asikuulize kitu.

Daftari la kijani lililo chini ya barua ni langu. Siku ile ile ya kesi, nilipofika nyumbani, niliandika kila neno la mama yako kama alivyolisema, kwa Kiswahili chake. Nadhani mkono wangu ulijua kabla yangu. Ni lako. Siku utakapokuwa avoka, kama sheria ina mlango wa kufungua faili la mtu aliyekufa, labda utaupata. Kama hauna, angalau utakuwa na maneno yake yenyewe. Ukurasa wa nne, mstari wa kati. Sijafuta kitu.

Nasikia lori. Si wewe.

Kesho nitakuja kwenye gati hata kama hutatembea nami. Nitasimama karibu na yale magunia, mahali ambapo mtu anaonekana kutoka juu. Meli itakapofungua kamba nitakuita, mara moja tu, kwa jina alilokupa yeye, si lile la shule. Hakizimana, Mungu ndiye mponyaji. Alichagua jina hilo kabla hajajua hospitali. Najua utageuka. Umelelewa vizuri, na si mimi niliyeanza. Huenda ukajibu kama alivyokufundisha, karame, juu ya kelele za injini, mbele ya watu wote wanaopunga vitambaa, na watu watadhani wanaelewa.

Mimi nitarudi nyumbani kwa miguu. Ukiitika, nitajua kwamba umesikia jina lako. Zaidi ya hapo sitatafsiri.

Masika